Kijana mwenye maswali si adui wa Mungu

Jumapili asubuhi katika mitaa ya Eastlands, spika za makanisa huamka kabla ya wenye mtaa. Kanisa la mabati liko kando ya barabara, hema liko kwenye uwanja wa shule, na juu ya duka la simiti kuna lingine lenye viti vya plastiki na ngoma mpya. Kutoka Kayole hadi Dandora, ni vigumu kutembea dakika tano bila kupita mahali pa ibada.

Takwimu nazo zinakubaliana na macho. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, na zaidi ya asilimia 85 wakasema wao ni Wakristo. Waliosema hawana dini yoyote walikuwa kama 755,000. Kwa karatasi, sisi ni taifa la Biblia mkononi.

Sasa shuka ngazi za ploti yoyote saa nne asubuhi, Jumapili hiyo hiyo. Utakuta vijana wanafua, wengine wamelala kwa sababu walikuwa shifti ya usiku, wengine wako kwa simu wakitafuta bando ya bei nafuu. Muulize mmoja kama ni Mkristo, atajibu ndiyo bila kufikiria. Muulize mbona haendi kanisani, atacheka. Lakini ukikaa naye vya kutosha, kicheko kikiisha, atakuambia kitu halisi: "Bro, nilikuwa na maswali, na pale hakuna mtu wa kuuliza."

Msimamo wangu ni huu: maswali hayajamtoa kijana yeyote kanisani. Kinachowatoa ni majibu wanayopewa.

Hebu tuangalie maswali yenyewe. Hayatoki kwa vitabu vya falsafa. Yanatoka kwa maisha. Msichana amemaliza digrii, anauza smokie kwa steji, na mkopo wa chuo unamsubiri. Kijana ameamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwa mjengo, akafika akaambiwa leo watu wametosha. Mtu ameomba miaka mitatu mamake apone, mama akafa akiwa kwa foleni ya hospitali. Huyu akiuliza "Mungu alikuwa wapi?", yeye si mpinzani wa imani. Ni mtu ameumia, na kama asingeamini hata kidogo, hangekuwa na mtu wa kumuuliza.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokataa. Mama aliuza ng'ombe wa mwisho kule mashambani, na pesa zikatosha semista moja. Niliporudi mtaani na begi langu, watu wa kanisa walinipokea na sentensi moja: Mungu ana mpango. Niliisikia hadi mara tatu kwa Jumapili moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nimekula. Sikatai kwamba Mungu ana mpango. Ninachosema ni kwamba sentensi ya kweli inaweza kutumiwa kama mlango wa kumfungia mtu nje, ili tusisikie analosema.

Kisha kuna jibu la pili, ambalo ni baya zaidi: panda mbegu. Hili kila mtu wa mtaa analijua. Ukiwa na shida ya kodi, toa sadaka ya kodi. Ukitaka gari, tuma ya gari. Rafiki yangu wa mjengo alituma Sh3,000 alizokuwa ameweka za nyumba, kwa sababu aliambiwa mwezi huo ni wa kufunguliwa milango. Mlango uliofungwa ulikuwa wake. Keateka aliweka kufuli mpya tarehe kumi. Aliporudi kuuliza, aliambiwa imani yake ilikuwa haba.

Angalia jinsi mafundisho haya yalivyotengenezwa. Ukipata kazi, sifa ni za mhubiri na mbegu yako. Ukikosa, kosa ni lako. Hakuna siku mhubiri atakosea. Maze, kamari ikikula, angalau haikuambii kwamba Mungu amekukasirikia. Huyu jamaa alipoteza kodi, na juu yake akapoteza uhakika kwamba anapendwa. Sai ukimtajia kanisa, anabadilisha stori.

Na pale ambapo kuuliza kumegeuzwa kuwa dhambi, mwisho wake tumeuona. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri anayehusishwa na vifo hivyo alikana mashtaka, na hukumu tuiachie mahakama. Lakini somo letu halihitaji kusubiri hukumu. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kule msituni, swali moja lililoulizwa kwa sauti na kupewa nafasi lingeokoa watoto.

Kinachonishangaza ni kwamba kitabu kile kile tunachoonyeshwa tukiambiwa tusiulize kimejaa watu wanaouliza.

Chukua Tomaso. Tumemfanya jina la matusi, mtu akisita kidogo anaitwa Tomaso. Lakini isome Yohana 20 polepole. Wenzake walikuwa wamemwona Yesu amefufuka, yeye hakuwepo. Akakataa kuamini kwa kusikia tu. Siku nane baadaye, Tomaso alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya nyumba, pamoja nao. Hawakumfukuza kwa kuharibu imani ya kikundi, na yeye hakuondoka kwa hasira. Kwa wiki nzima walikaa chumba kimoja, kumi wanaoamini na mmoja asiyeamini, wakila pamoja. Na Yesu alipokuja, hakumtoa nje. Alimwonyesha makovu yake.

Chukua Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyemtangaza Yesu hadharani. Lakini akiwa gerezani, kwa Mathayo 11, alituma wanafunzi wake wakaulize kama Yesu ndiye kweli, ama wangoje mwingine. Seli ilikuwa imemchosha. Yesu alimtumia jibu, kisha akamsifu mbele ya umati. Hakusema imani yake ni haba.

Chukua yule baba wa Marko 9, mwenye mtoto mgonjwa. Alikiri kwa pumzi moja kwamba anaamini na kwamba anahitaji kusaidiwa kutoamini kwake. Mtoto wake aliponywa hivyo hivyo, na imani ya nusu. Na Zaburi ya 88, kama hujawahi kuisoma, isome usiku wa leo. Inaanza na kilio na kuishia gizani. Hakuna mstari wa mwisho wa kushukuru. Lakini iliwekwa kwa Biblia, na watu wa Mungu wameiomba kwa maelfu ya miaka. Maana yake, hata siku ambayo huna cha kushukuru, maombi yako yana nafasi yake.

Lakini kwangu mimi, jambo zito kuliko yote liko msalabani. Yesu mwenyewe, akifa, alimuuliza Mungu kwa sauti kubwa kwa nini amemwacha. Swali ambalo kijana wa Umoja anaogopa kuuliza pasta, Yesu aliliuliza mbele ya askari na mamake. Kwa hivyo ukiliuliza, hauko mbali na Kristo. Uko mahali ambapo yeye alishapita.

Najua kuna wasee watasema: wacha hizo, dini ilikuja na mkoloni. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ni makosa kuipuuza. Wamishonari na serikali ya kikoloni walitembea bega kwa bega mara nyingi, na kuna mababu zetu walioambiwa kila walichokuwa nacho ni cha shetani. Hilo lazima lisemwe. Lakini hadithi haikuanza hapo. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alikuwa Mkristo katika karne ya nne. Hiyo ni takriban miaka 1,500 kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka wa 1844. Augustino, ambaye Wazungu wenyewe wanamsoma hadi leo, alizaliwa Afrika Kaskazini. Imani hii ilikuwa na Waafrika kabla Uingereza haijakuwa taifa.

Wengine watasema shida yao ni wanasiasa. Hapo niko nao kabisa. Mtu anaiba mchana kutwa, Jumapili anakuja na bahasha, anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kanisa nalo liliulizwa maswali: mko upande gani, na zile pesa za harambee zinatoka wapi? Wakati ule tuliitwa watovu wa adabu. Lakini Novemba mwaka huo huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa moja la Soweto, Kayole, na kuagiza zirudishwe. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia waumini katika ibada kule Butere. Siwezi kudai kwamba vijana peke yao ndio waliosababisha haya. Lakini yanaonyesha kwamba kanisa likiulizwa maswali magumu haliangamii. Linakumbuka kazi yake.

Sasa tuongee kuhusu jambo ambalo mtaani tunalisema kwa sauti ya chini. Kuna wenzetu ambao shaka yao imepita maswali, imekuwa uchovu wa kuishi. Hawaamki, hawali, hawajibu simu. Kwa muda mrefu sheria yetu, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sheria imeanza kuelewa. Lakini kuna madhabahu ambayo bado yanamwambia mtu kama huyo kwamba ana pepo, ama haombi vya kutosha, na kumwongezea siku za kufunga wakati mwili wake hauna nguvu ya kusimama.

Nabii Eliya alifika hapo. 1 Wafalme 19 inasema alikaa chini ya mti akamwomba Mungu amwondoe uhai. Mungu alifanya nini? Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena. Akapewa chakula mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye kabisa. Kwanza usingizi, kisha chakula, kisha safari, kisha swali la upole. Kama Mungu alianza na mkate, sisi tunatoa wapi haraka ya kuanza na mahubiri?

Kwa hivyo ikiwa wewe unayesoma hii uko chini ya mti huo, kuwa hivyo hakukufanyi Mkristo mbaya. Ambia mtu mmoja leo. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari 1199, na kupiga ni bure. Kuona daktari ama mshauri hakumaanishi umemkosa Mungu. Eliya hakumkosa alipokula.

Sasa tumaini ni nini? Kwa miaka mingi tumeuziwa tumaini kama utabiri: mwaka huu ni wako, utaomoka, utajenga, utaoa. Utabiri ukikosa, tumaini linakufa nao. Nafikiri kizazi chetu kinahitaji tumaini la aina nyingine, na historia ya jiji hili inatupa mfano.

Februari 1992, kina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, wakiwa na Wangari Maathai. Polisi waliwavamia kwa marungu na vitoza machozi. Baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana nzito kuliko zote. Kisha wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, hapo karibu, na kukaa chini ya kanisa hilo karibu mwaka mzima. Hakuna aliyewatabiria tarehe. Walilala pale, waliimba, waliomba, walikula walichopewa na wasamaria wema, na kila asubuhi walikuwa bado wapo. Mapema mwaka wa 1993, wengi wa wana wao waliachiliwa.

Ukipita na matatu pale karibu na bustani ya Uhuru, liangalie jengo lile. Sidhani kila mmoja wa kina mama wale aliamka kila siku akiwa na imani kubwa. Lazima kulikuwa na asubuhi za kukata tamaa. Lakini mmoja akichoka, mwingine alikuwa bado anaimba. Tumaini lilikuwa la kikundi, na lilikuwa na kazi ya kufanya. Halikuwa hisia ya mtu mmoja kwa chumba chake.

Hivyo ndivyo ninavyoishi imani yangu sasa. Kila Jumatano jioni tunakutana watu wanane kwa keja ya mmoja wetu, nyumba ya chumba kimoja, wengine wanakaa kitandani, wengine kwa ndoo zilizogeuzwa. Kitu hiki hatukukibuni sisi. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wana jumuiya ndogondogo tangu miaka ya 1970, na nyanyangu alikuwa kwa moja hadi akazeeka. Tunasoma kifungu kimoja, kila mtu anasema hakielewi wapi, kisha tunauliza: nani hajala, nani amefungiwa nyumba, nani ana mgonjwa. Tunachanga. Siku nyingine ni Sh400, siku nyingine ni pakiti mbili za unga na tokeni za stima. Hakuna anayeitwa kutoa ushuhuda wa gari.

Mmoja wetu alituambia mwaka jana kwamba haamini tena. Alitarajia tumkemee. Mwenye nyumba akamwambia, "Sawa, lakini Jumatano chapati ni zamu yako." Bado anakuja. Siku nyingine anakaa kimya mpaka mwisho. Siku nyingine maswali yake ndiyo yanatufungua macho wote. Sijui atafika wapi, na si kazi yangu kumsukuma. Najua tu kwamba Tomaso alipewa siku nane, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba yeye hangepewa zaidi.

Kama mimi mwenyewe naamini? Ndiyo, naamini. Si kila asubuhi kwa nguvu sawa. Kuna siku naamini kama mtu anayeimba, kuna siku naamini kama mtu anayeng'ang'ania chuma cha matatu iliyojaa. Bado sina digrii. Kodi bado inaumiza. Kilichobadilika ni kwamba sisubiri tena Mungu anithibitishie upendo wake kwa kunipa kitu. Mwili wa Yesu aliyefufuka ulibaki na makovu. Kwangu hiyo ndiyo habari njema kwa watu wa mtaa: kinachokuumiza hakitafutwa kama hakikuwahi kutokea, lakini hakitakuwa na neno la mwisho.

Kwa wachungaji wetu, kwa heshima zote, nina maombi matatu. Tengeni saa moja kila mwezi ambapo vijana watauliza chochote, na msiogope kusema "sijui". Acheni kupima imani ya mtu kwa risiti zake. Na kabla hujamwambia kijana kwamba Mungu ana mpango, muulize kama amekula.

Na kwako wewe kijana mwenzangu: usiondoke kimya kimya. Kama kanisa lako linakataza maswali na linapenda nambari yako ya kutumia pesa kuliko jina lako, toka hapo, tafuta lingine. Lakini usimwache Kristo kwa sababu ya kosa la mtu aliyeshika maikrofoni. Tafuta watu watatu ama wanne ambao unaweza kuwaambia ukweli bila kujipamba. Mkutane kwa keja, kwa kibanda cha chai, popote pale. Pelekeni maswali yenu kwa Mungu yalivyo, na mpeane unga.

Kama kuna msee kwenu aliyeacha kuja na hakuna aliyeuliza kwa nini, mpigie simu leo. Usimwite kanisani kwanza. Muulize anaendeleaje, kisha unyamaze, umsikilize.